Utando mweupe na uyoga: kipi kinamfaa mlaji wa mamama?

Fungua chupa ya mbegu za mamama, yaani uyoga unaooteshwa bandani, uone: punje za mtama zimefunikwa na utando mweupe. Utando huo ndio mwili wa kuvu. Uyoga tunaouchuma ni tunda lake. Wapo wanaoukausha ule utando pamoja na mtama wake, wakausaga na kuuuza kwa bei ya dawa. Kinachosifiwa hapo ni beta-glukani, nyuzilishe zinazosemwa kusaidia kupunguza kolesteroli. Lakini unga wa namna hiyo huwa umejaa wanga wa nafaka, na wanga si beta-glukani. Udondoshee tone la aidini: ukigeuka bluu iliyokolea hadi weusi, umelipia mtama. Na mbegu ya kupandia usiile kabisa.

Kwa mlaji, mimi nasimama na uyoga wenyewe, ila ubora wake huanzia kwenye vimeng'enywa, yaani mabaki ya mimea unayooteshea uyoga. Majani makavu ya mpunga kutoka Magu au Misungwi, mkoani Mwanza, yanafaa sana. Yakate vipande vya sentimita 3 hadi 5, yaloweke usiku kucha, yachemshe kwenye pipa saa moja hadi mbili, kisha yaache yapoe kabisa. Ukiyakamua kwa nguvu yatoe matone machache tu. Yakichuruzika, utando utakosa hewa na mfuko uliojazwa majani hayo utaoza. Kwa kilo 10 za majani hayo yakiwa yamelowa weka mbegu gramu 300 hadi 500. Ukipunguza mbegu, ukungu wa kijani utawahi kuliko utando, na mfuko ulioshikwa hivyo utolewe bandani mara moja. Uyoga wenye shina refu na kofia ndogo unalilia hewa, hauhitaji maji zaidi.

Magugumaji yaliyokaushwa nayo huotesha mamama. Hata hivyo, mmea huo hufyonza metali nzito kama risasi na kadimiamu, na uyoga huzichukua kutoka humo. Ya karibu na mifereji ya majitaka ya mjini tafadhali yaache, hata kama ni ya bure.

Jua letu lina kazi nyingine ambayo wengi wanaisahau. Uyoga una ergosteroli, ambayo miale ya jua huigeuza kuwa vitamini D2. Uyoga uliokulia kwenye banda la giza huwa nayo kidogo sana. Baada ya kuchuma, ukate vipande, uutandaze upande wa mistari iliyo chini ya kofia ukitazama juu, uuanike saa moja jua la mchana, na ndipo uupike au uendelee kuukausha. Tumia mafuta kidogo, maana vitamini hiyo huyeyuka kwenye mafuta.

Usiule mbichi; kuta za seli zake zina kitini, nyuzi ngumu ambazo tumbo huzimeng'enya kwa shida. Usimwage maji ya kuchemshia pia, kwani potasiamu na vitamini B hubaki humo. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari kwanza, na anayetumia dawa za presha au sukari asiziache kwa sababu ya uyoga.

Chuma kabla kingo za kofia hazijajikunjua juu. Ukichelewa, vumbi la spora, vijimbegu vidogo vinavyotoka chini ya kofia, hujaa bandani, na anayelivuta kila siku anaweza kupata kikohozi na homa. Funga barakoa kila uingiapo.