Kishikwambi cha Mwanangu na Mama wa Kwenye Treni

Juzi asubuhi, huku ughaibuni tunakoishi, nilitoka zamu ya usiku, nikakutana na mume wangu stesheni, naye akanikabidhi mtoto kama mkimbiaji anayepokeza kijiti kisha akakimbilia kazini kwake. Ndani ya treni, mama mmoja wa makamo aliyeketi mbele yetu alimtazama mwanangu, akakitazama kishikwambi mikononi mwake, halafu akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, kwamba mtoto wa miaka mitatu anahitaji mzazi, si kioo.

Sikumjibu, ingawa si kwamba sijui. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauwashauri walio chini ya miaka 2 kukaa mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 unawapa saa 1 kwa siku, tena ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo moja mwanangu huimaliza kabla sijavua viatu vya kazini. Asipokuwa na kishikwambi hurukaruka, na akirukaruka jirani wa ghorofa ya chini hugonga dari kwa mpini wa ufagio. Nikitaka kuoga, kupika au kusinzia robo saa, hakuna shangazi wala binamu wa kuniambia, "Niachie huyo." Wanaotushangaa wanadhani tunatoa simu kwa uzembe au kwa kujionyesha, kumbe wengi wetu tunatafuta mikono ya ziada, na kifaa hiki ndicho pekee kisichodai malipo kwa saa.

Hata hivyo, sitakitetea chote. Video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe, na mtoto haoni mahali palipoandikwa mwisho. Nikimnyang'anya hulia mpaka anapaliwa, na mara nyingi mimi ndiye ninayeshindwa kwanza. Hilo ni kosa langu, ingawa waliokitengeneza hivyo nao wana lao.

Jambo ambalo mama yule hakuliona ni kwamba bibi yake mwanangu anaishi humo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kiliposhauri mwaka 2016 kwamba walio chini ya miezi 18 waepushwe na skrini, hakikuyakataza mazungumzo ya video. Wiki iliyopita mtoto alichubuka goti. Badala ya kuja kwangu, alikipigia kishikwambi magoti, akakibandikia goti lake na kumwita bibi ampulizie. Mama yangu, upande wa pili, alipuliza. Kiswahili kingi cha mwanangu kimetoka hapo, kwa kuwa mimi humkuta amelala au humwacha amelala.

Ninyi mnaojiandaa kuja huku ughaibuni na watoto wadogo, msiulize mshahara na kodi ya nyumba peke yake. Ulizeni nani atamshika mtoto zamu zenu mbili zikigongana, na mtoto akiamka na homa atabaki na nani. Mimi niliulizia bei ya koti la baridi.

Mama yule alishuka kituo kilichofuata. Mwanangu aliinua macho, akampungia mkono, akarudi kwenye katuni yake. Nami nikafumba macho, kidole kimoja kikiwa kimeshikilia ukingo wa kishikwambi kisije kikaanguka.