Kikombe cha Mwaka 1896

Nilifika Moscow mwezi Septemba, na hadi Februari Kirusi changu kilitosha kununua mkate na kugombana na mlinzi wa hosteli, basi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, uhandisi ungefuata. Mwalimu wetu, mama wa makamo tuliyemwita kwa jina lake na la baba yake kama desturi yao ilivyo, aliona ninavyokwamakwama, akanikaribisha kwake Jumapili moja nile blini. Blini ni chapati za maji, ila wenzetu wanazipaka malai yaliyochacha.

Tulipomaliza chai akaifuta meza kwa kitambaa kikavu, akaingia chumbani, akatoka amekumbatia kitabu kama mtu aliyebeba mtoto mzito aliyelala. Ilikuwa juzuu ya kwanza ya kumbukumbu ya kutawazwa kwa Tsar Nikolai wa Pili, iliyochapishwa St. Petersburg mwaka 1899, miaka mitatu baada ya sherehe. Juzuu ya pili, alisema, bibi yake aliiuza wakati wa vita apate viazi.

"Soma."

Nikajaribu. Tahajia ilikuwa ya kabla ya mapinduzi: kila neno lililoishia kwa konsonanti limebandikwa mkia wa herufi isiyotamkwa, na katikati ya maneno kuna herufi nyingine sijapata kuiona, kama b iliyobebeshwa msalaba. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Tukaacha kusoma, tukatazama picha.

Na picha zilikuwepo! Hata wachoraji mashuhuri Repin na Serov walitiwa kazini. Mimi nilidhani askofu ndiye anayemvika mfalme taji. Kumbe mle katika kanisa kuu la Uspensky, ndani ya Kremlin, Tsar alilipokea taji mkononi mwa askofu mkuu, akajivika mwenyewe. Kisha mkewe Alexandra akapiga magoti mbele yake; Tsar akavua taji, akaligusisha kichwani mwa mkewe, akajirudishia, ndipo akamvika lile dogo.

"Na watu wa kawaida walipata nini?" nikauliza.

Akainuka, akafungua kabati la vyombo.

Kilikuwa kikombe cha bati kisicho na mkono, kimepakwa rangi kama vile tulivyonywea uji bwenini, chepesi hivyo hivyo. Upande mmoja tai mwenye vichwa viwili, upande wa pili herufi za majina ya Tsar na mkewe chini ya taji, na mwaka: 1896. Ukingoni rangi ilikuwa imebanduka, chuma cheusi kinachungulia.

Zawadi ziliandaliwa 400,000, akanieleza: kikombe, mkate, soseji na keki ya tangawizi, zigawiwe uwanja wa Khodynka siku nne baada ya kutawazwa. Watu walianza kufika usiku, wakajazana juu ya uwanja wenye mitaro na mashimo. Kabla ya jua kupanda vizuri ukavuma uvumi kwamba vitu havitatosha. Umati ukasukumana. Hesabu ya serikali ni maiti 1,389. Jioni ile ile Tsar akaenda kwenye dansi ya balozi wa Ufaransa, maana baba zake wadogo walimsihi asiwaudhi Wafaransa. Mimi nasema bora angewaudhi.

"Hiki alikileta nani?"

"Baba yake bibi. Alikwenda na kaka yake."

Nikangoja. Hakuongeza neno, nami sikumchimba. Nikaona kidole gumba changu kimekaa pale palipobanduka rangi, nikakihamisha. Akakipokea kwa mikono miwili, akakirudisha nyuma ya glasi za chai, akafunga kabati, kisha akafungua tena kitabu kwenye ile herufi yenye msalaba.

"Haya, tuendelee. Taratibu safari hii."