Mche wa majani matatu

Hii ilikua Mei 2019, tulikua tunakaa nje kidogo ya St. Paul, Minnesota, na nyuma ya nyumba kulikua na kasehemu ka mita nane kwa tisa hivi ambako miaka yote napanda mchicha na nyanya basi. Sasa jirani yetu, mzee mmoja mstaafu, yeye ugonjwa wake ni maboga makubwa, yale ya mashindano, yaani boga linabebwa na kijiko cha trekta. Mwezi wa nne akaniletea bahasha ina mbegu nne, kila moja imeandikwa kwa kalamu namba, jina la ukoo na mwaka. Nikadhani ni bei. Kumbe namba ni uzito wa boga mama kwa pauni, jina ni la aliyelilima na mwaka ni aliolivuna, hawa watu wanazitaja mbegu kama wafugaji wanavyotaja ukoo wa ng'ombe. Akaniambia ukifuata nasaba nyuma zote zinafika kwa Howard Dill, mkulima wa Windsor kule Nova Scotia, Kanada, ndo aliyeitengeneza aina hii ya Atlantic Giant.

Mi nimekulia Lushoto, boga nalijua. Unafukia mbegu tatu kwenye shimo la mahindi, mvua ikinyesha unasahau. Huku nikaambiwa nisugue kingo za mbegu na msasa, niloweke maji ya vuguvugu, niweke kwenye kikopo juu ya mkeka wa umeme, joto lisipungue nyuzi 30. Nilijiona mjinga lakini nikafanya. Moja haikuota, tatu zikaota.

Wa kwanza ulitoka haraka ukaenda juu kama unakimbizwa. Wa pili ulichelewa siku mbili, ukatoka mfupi, umejikunyata. Wa tatu ndo ulioniteka, maana badala ya yale majani mawili ya mwanzo wenyewe ulikua na matatu, na shina lake limekaa bapa kidogo. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikua naanza kuangalia ule, nikawa najiambia majani matatu si ndo nguvu zaidi, huu ndo utakaotoa boga la ajabu.

Shida ni kwamba eneo langu linatosha mche mmoja tu. Mmoja! Mche mmoja wa aina hii ukiuachia unaweza kujaza uwanja wote ule.

Basi Jumamosi moja katikati ya Mei, baridi ya usiku inaelekea kuisha, mzee akaja, mikono nyuma, akasimama mbele ya vikopo vyangu kama daktari kwenye wodi. Hakuangalia urefu kabisa. Alishika shina la ule mrefu kwa vidole viwili akasema huu umekosa mwanga, umekua kwa kutafuta dirisha, shingo nyembamba, upepo wa siku ya kwanza utauvunja. Akageuza kikopo cha ule mfupi akaonyesha mizizi inachungulia chini, myeupe, shina nene kama penseli, jani la kweli la kwanza, lile linalofuata baada ya yale mawili ya mwanzo, limeshakunjuka, kijani iliyokolea. Akanionyesha na kitu ambacho hadi leo nakipenda: jani hilo la kwanza likitokea upande huu, shina likianza kutambaa litaelekea upande wa pili, kwa hiyo ukihamishia shambani unageuza mche ukijua kabisa utaelekea wapi.

Nikamuuliza, na huu wa matatu? Akacheka. Akasema huo utakuja kua bapa kama mkanda, majani yatasongamana, maua kibao na boga hamna, ng'oa. Afu akaondoka, hakutaka kuning'olea.

Mi sikuweza. Nikampigia mama, kwao ni saa nne usiku. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kuna nini saa hizi? Nikamweleza. Kimya. Halafu akauliza, "Umenipigia simu usiku kwa ajili ya mche wa boga?" Nikasema ndio mama, linaweza kufika kilo mia nne. Akasema hilo utalipikia sufuria gani. Na nilipomwambia kuhusu kung'oa akashangaa zaidi, kwani nani ametupa mboga, panda pembeni huko mle majani.

Nikapanda ule mfupi katikati. Ule mrefu niliung'oa. Wa matatu nikauficha nyuma ya banda la vifaa, ambako mzee hafiki.

Alikua sahihi kwa kila kitu, inauma kusema. Ulikua bapa kweli, maua yakarundikana, tuboga twake tukawa tunaoza tukiwa kama ngumi. Lakini majani! Kiangazi chote nilikua nakata vichwa, natoa nyuzi, napika na karanga. Ule mfupi Oktoba ulitoa boga la pauni 412, kama kilo 187, ambalo kwa hawa jamaa ni la mtoto (mwaka 2023 Travis Gienger wa Anoka, hapo hapo Minnesota, alipeleka lake California likasoma pauni 2,749, fikiria). Tulilionja, maji matupu, halina utamu hata kidogo.

Siku moja Agosti mzee alifuata harufu akakuta sufuria, nikalazimika kukiri kuna mche nyuma ya banda. Akala sahani mbili hakusema neno.

Mei iliyofuata akagonga mlango ameshika kikopo, ndani mche shina bapa, kaung'oa kwenye vitalu vyake. "Huu si wa boga," akasema. "Ni wa ile mboga yenu."