Kipande Kilichokatwa Memphis

Februari 2014 theluji iliifunga Philadelphia. Mwenzangu wa zamu akashindwa kufika, nami nikaunganisha mchana na usiku katika nyumba ya wazee nilikokuwa mhudumu. Chumba cha mwisho alikaa bibi wa miaka 78, mzaliwa wa Memphis, mji wa Kusini mwa Marekani. Nilikwisha kumweleza kwamba kwetu Tanga mtu wa umri wake haitwi kwa jina, nikawa namwita Bibi, akalipenda. Naye aliniita mwanangu.

Usiku ule nilikuwa namkanda miguu, nikamuuliza kama aliwahi kucheza dansi. Akanijibu kwa habari ya sinema. Mwaka 1948, akiwa na miaka 12, binamu yake alimwandikia kutoka Chicago: imetoka filamu iitwayo The Pirate, na ndani yake ndugu wawili weusi, Fayard na Harold Nicholas, wanacheza bega kwa bega na Gene Kelly, nyota mweupe wa Hollywood. Bibi akadunduliza senti zake, akapanda roshani walikokalishwa watu weusi, akasubiri. Kelly akakaribia kunyongwa, akaomba aonyeshe mchezo wake wa mwisho, na hapo picha ikaruka. Akasubiri mpaka taa zikawaka.

"Nilidhani nimesinzia," akaniambia. "Nikaenda tena kesho yake."

Hakuwa amesinzia. Kipande cha ndugu wale kilikatwa Memphis kwa sababu ya rangi yao. Hollywood ya miaka ile ilizoea kuziweka dansi za wasanii weusi pembeni ya hadithi, ili huko Kusini ziondolewe bila filamu kuharibika. Hilo linaniuma mpaka leo: mtu anajifua usiku na mchana, kumbe aliyemwajiri ameshamwachia mkasi nafasi yake.

Na ndugu wale walikulia mji huuhuu wa Philadelphia. Wazazi wao walipiga muziki katika ukumbi wa Standard, South Street. Fayard alikaa akiwatazama wachezaji, akajifunza kwa macho tu bila mwalimu, kisha akamfundisha mdogo wake. Bibi aliyajua yote hayo. Lakini kile kipande hakuwahi kukitafuta. Alisema alinyimwa, na hakutaka kuomba.

Nikamwomba ruhusa, nikaleta laptopu yangu.

"Kumbe ilikuwa ya rangi!" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Miaka 66 alikuwa akiiona kichwani nyeusi na nyeupe. Wanaume watatu wakashikana, wakaanguka, wakabiringika, wakainuka wakicheka. Bibi akakunja uso.

"Ni hiki tu? Hiki ndicho kilichowatisha?"

Sikuwa na jibu. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, na miguu ya ndugu wale haikuombwa hata nusu ya uwezo wake. Nikaona nisimwache na huzuni ile. Nikamwekea Stormy Weather ya 1943, ambayo waigizaji wake walikuwa weusi, bendi ikiwa ya Cab Calloway. Ndugu walewale walipofika kwenye ngazi, mmoja akaruka juu ya kichwa cha mwenzake, akatua kwa msamba kwenye kipandio cha chini, akanyanyuka bila kugusa chini kwa mkono. Na mwenzake naye hivyo hivyo, kipandio kwa kipandio, mpaka chini. Bibi akanishika kifundo cha mkono. Tuliirudia mara tatu.

"Na magoti yao?" akauliza hatimaye.

Nikamwambia Fayard alikuja kupasuliwa nyonga uzeeni, lakini aliishi hadi 2006, akiwa na miaka 91. Akaitazama miguu yake mwenyewe, akatikisa kichwa taratibu.

Nje gari la kusukuma theluji lilikuwa linapita. Nilipotaka kufunga laptopu akanizuia.

"Nirudishie ile ya kwanza, mwanangu," akasema. "Ile yangu."