Siku moja mwaloni na daftari la maneno

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi na andazi la jana. Nataka kumwambia mke wangu kwamba jina la meza tunayolia limetoka kwa Wareno, ila amenipiga marufuku habari hizo kabla jua halijatoka. Basi nameza. Kumeza, angalau, ni kwetu.

Saa 12:15. Daladala ya Kirumba, nimesimama.

Saa 1 asubuhi. Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza. "Mwangaluka, mayu!" Mama wa sato ananijua, hanipunguzii bei. Anawahesabia wateja samaki kwa Kisukuma: ibili, idatu, ine, itano. Nimesikia hesabu hiyo mara elfu, na kila mara nasimama hapo kwenye idatu. Kiswahili kinasema tatu, t mbili zimefuatana. Kisukuma hakipendi sauti mbili za namna hiyo, zisizo na mtetemo wa koo, zikaribiane, kwa hiyo ya kwanza imepewa mtetemo ikawa d. Mbona basi itano imebaki na t yake? Kwa sababu baada yake ipo n, ambayo ni ghuna tayari, yaani ina mtetemo. Wanaisimu wanaiita Sheria ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyeibaini katika Kinyamwezi, ndugu wa Kisukuma. Nimemweleza mama. Akasema, "Mwalimu, unachukua wangapi?"

Nimechukua wawili.

Saa 4. Kwa wauza mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kiwanda kutoa minofu. Kwa nini panki? Kijana akanyoosha kidole kwenye mifupa: "Si unaona, kama mtu aliyenyoa panki!" Maelezo matamu namna hii huwa nayaogopa, watu huyatunga baadaye. Lakini sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na viwanda vya minofu vimekuja nyuma yake sana, kwa hiyo neno lenyewe ni changa. Nimeandika, na alama ya kuuliza pembeni.

Saa 8 mchana. Ugali na sato. Mzee wa meza ya pili anashikilia kwamba Mwanza ni Nyanza iliyoharibiwa na ulimi wa Mjerumani. Namuuliza ny iligeukaje mw. "Ulimi huo huo!" Hajanishawishi. Ninachokiamini kwa Mjerumani ni maneno mawili: shule, na hela, sarafu yake ya mwaka 1904.

Saa 12 jioni. Nyumbani, kunakili kadi. Mke anadai hela ya vitunguu. Sikusema neno.

Saa 2 usiku. Simu, mama wa sato. "Mwalimu, sita ni itandatu. Mbona t ya mwanzo haikugeuka?"

"Inafuatwa na nd, mama. Ni ghuna, haina ugomvi nayo."

"Na hiyo nd imetoka wapi?"

Nimewasha taa tena.