Nilivyouingiza ubao mzima wa chesi kwenye namba 12

Aisee programu yangu ya kwanza ya chesi niliiandika kishamba kabisa, ubao ulikuwa listi ya mistari 8, kila mstari visanduku 8, kila kisanduku kina herufi yake, N farasi mweupe, n farasi mweusi, nukta maana yake hapana mtu. Ilicheza, sikatai. Shida spidi. Ukitaka kujua kama programu inafahamu sheria unaipiga kipimo cha perfti, yaani inahesabu michezo yote inayowezekana toka ubao wa mwanzo, hatua 1 unapata 20, hatua 2 ni 400, ya 3 ni 8,902, ukifika ya 5 ni 4,865,609, sasa yangu kwa hiyo ya 5 nilibandika chai ikachemka nikanywa nikaosha na kikombe ndo jibu likatoka.

Nikahamia lugha ya C. Ubao una visanduku 64, na prosesa ina namba za biti 64, kila biti ni 0 au 1, yaani kisanduku kimoja biti moja, 1 kete ipo, 0 haipo, kama vile waliambizana! Aina 6 za kete mara rangi 2, basi namba 12 zinatosha, unahesabu mstari kwa mstari, a1 ya kona ya chini kushoto ni biti ya 0 na h8 ya kona ya juu kulia ni ya 63, jumla baiti 96 tu, kwa hiyo kabla ya kucheza nakopi ubao wote na kurudisha hatua ni kutupa kopi basi. Raha ni vitunda, zile kete nane za mbele, unasogeza biti 8 juu, yaani mstari mmoja, unatoa palipokaliwa, vyote nane vimetembea kwa mpigo mmoja bila luupu, yaani bila kurudia kimoja kimoja.

Raha haikudumu. Nilipoprinti ubao nikakuta vitunda vyeusi vimekaa mstari wa 3 badala ya wa 7, na kompaila, ile inayotafsiri kodi kwa mashine, kimyaaa. Kumbe 1 ukiiandika hivihivi kwenye C ni ya biti 32, ukiisogeza mara 48 ifike a7 laptopu yangu inatoa 32 inabaki 16, na 16 ni a3. Ilibidi iwe 1ULL, yaani 1 ya biti 64. Herufi tatu, usiku mzima.

Nikapiga perfti hatua 1, ikanipa 21. Ishirini na moja! Nikaprinti zote moja moja, nikamkamata farasi wa g1 anaruka mpaka a3, maana g1 ni 6, yeye kwenda kulia mara mbili na juu mara moja ni kujumlisha 10, inakuwa 16, katoka nje ya ubao upande wa h akaingilia upande wa a kama mwizi wa dirishani. Sasa kabla ya kurusha kulia mara mbili nafuta kwanza farasi walioko g na h, kushoto nafuta wa a na b.

Hatua ya 5 siku hizi inatoka hata sufuria sijaishika, na namba ni ileile 4,865,609. Ngome na askofu bado nawatembeza kisanduku kimoja kimoja mpaka wagonge kitu, kuna majedwali ya kumaliza hilo nimeyasoma mara tatu sijayaelewa, wikiendi najaribu tena.