Nyumba Yetu ya Goba: Namna Tulivyomaliza Mgogoro na Fundi

Tulianza kujenga Goba, Dar es Salaam, mwezi Julai 2020, mimi na mume wangu, tukiwa na shilingi milioni 52. Milioni 30 zilikuwa akiba ya miaka tisa, na milioni 22 zilikuwa mkopo wa SACCOS ya kazini kwangu. Ramani ilikuwa ya nyumba ya vyumba vitatu yenye mita za mraba 118. Fundi mkuu, ambaye tuliletewa na jirani, alituandikia karatasi moja, na mstari uliokuja kututesa ulisomeka hivi: "Kujenga mpaka kupaua, ufundi na vifaa, milioni 34." Fedha hizo zingelipwa kwa awamu tatu: milioni 12 za msingi, milioni 10 za kuta na milioni 12 za paa. Tulitia saini, na kibali cha ujenzi kilipotoka kazi ikaanza.

Anayeifahamu Goba anajua kwamba ni eneo la vilima. Kiwanja chetu kinateremkia bondeni, lakini kwa macho tulikiona kama tambarare yenye mwinuko kidogo, wala hakuna aliyekipima kabla ya bei kuandikwa. Msingi ulipoanza kupanda, upande wa juu ulitosheka na kozi 3, yaani mistari mitatu, za matofali ya kulaza, ilhali upande wa bondeni ulifika kozi 12 ndipo jamvi, yaani zege la sakafu, likakaa sawa. Nilikuwa napita saiti kila Jumamosi, nikaona matofali yakiingia na malori ya kifusi cha kujazia msingi yakimwaga, nikafurahi kwamba kazi inakwenda. Sikujiuliza hata mara moja ni nani anayelipia vitu hivyo.

Mwezi Novemba saruji iliadimika nchini na bei yake ikapanda ghafla. Mfuko wa kilo 50 tuliokuwa tukiununua kwa shilingi 14,500 ulifika 19,000 katika duka lililo jirani na saiti. Kuta zikasimama usawa wa madirisha, mafundi wakapungua hadi wawili, kisha saiti ikawa kimya. Nilipompigia fundi simu aliniambia, "Mama, hela imeisha. Msingi wako umekula hela ya kuta. Nahitaji milioni saba na nusu ndiyo nirudi." Nilimjibu kwamba nimeshamlipa milioni 22, yaani msingi wote na kuta zote, na kwamba kuta hizo hazijafika hata lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba anadhulumiwa.

Mume wangu alitaka twende polisi. Mimi niliona kuwa polisi wangetuuliza swali lile lile ambalo hatukuwa na jibu lake: kazi iliyofanyika ina thamani gani? Niliangalia orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na fundi wetu hakuwamo, kwa hiyo malalamiko ya kinidhamu dhidi ya mkandarasi aliyesajiliwa hayakuwa njia yetu. Mwanasheria mmoja tunayesali naye alinieleza kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na kwamba karatasi yetu ilikuwa mkataba halali. Tatizo, alisema, ni kwamba haikutaja kipimo chochote. Hapo ndipo nilipoelewa ugomvi wetu ulikuwa wa nini. Fundi aliposema "msingi" alimaanisha msingi wa kiwanja cha tambarare, na mimi niliposema "msingi" nilimaanisha chochote kitakachohitajika ili nyumba isimame.

Nilimtafuta mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima kazi ya ujenzi na kukadiria gharama zake, ambaye mwanzoni nilimwona kuwa ni wa majengo ya serikali na maghorofa. Alitutoza shilingi 600,000 kwa kupima na kuandika ripoti, na katika fedha zote tulizotumia kwenye nyumba hiyo, sijutii hata senti moja ya hizo. Alikuja na wasaidizi wawili, na nilisisitiza fundi naye awepo, kwa kuwa kipimo kinachochukuliwa bila yeye angekikataa, na angekuwa na haki. Walitumia mpira wa maji, bomba lililojazwa maji ambayo hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, kulinganisha usawa pembe hadi pembe, na tofauti kati ya pembe ya juu na ile ya bondeni ikawa mita 1.5. Walipima urefu wa kuta zote za msingi, za nje na za ndani, wakapata mita 74. Kwa hesabu hiyo mteremko peke yake ulikuwa umeongeza matofali kama 700, na kifusi cha ziada cha tripu zipatazo 13 za lori la mita za ujazo 7.

Ripoti ilisema mambo mawili ambayo kila upande ulipaswa kuyameza. Kazi ya ziada ya msingi ilikuwa ya kweli, na thamani yake ilikuwa milioni 4.1, si milioni 7.5. Kazi ya kuta iliyofanyika ilikuwa ya milioni 4.6 tu kati ya milioni 10 tulizolipa. Kwa jumla, pamoja na milioni 12 za msingi wa bei ya awali, fundi alikuwa amefanya kazi ya milioni 20.7 akiwa amepokea milioni 22, kwa hiyo ni yeye aliyekuwa na deni kwetu, deni la milioni 1.3. Sikumwona kuwa mwizi, na bado simwoni hivyo. Alikuwa akiziba shimo la jana kwa hela ya kesho, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kwa kuwa waliandika bei kabla ya kupima.

Tulikutana katika ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wa pande zote mbili. Fundi aliisoma ripoti kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, vipimo nilikuwepo, siwezi kuvikataa." Tuliandika makubaliano mapya: deni lake lihesabiwe kuwa malipo ya ufundi wa kuta zilizobaki, vifaa vyote tununue sisi, kila hatua ilipwe baada ya kupimwa, na asilimia 10 ya kila malipo izuiwe hadi mvua za masika zipite juu ya paa.

Kununua vifaa wenyewe kulikuwa na shule yake. Nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo nondo ya mita 12 ifikie kilo 10.6 hivi. Shehena ya kwanza niliyoletewa nilipima tano kwenye mizani ya duka la nafaka, hakuna iliyofika kilo 9, nikazirudisha zote.

Hata hivyo bajeti haikutosha kwa ramani ile ya awali. Paa la kuficha, yaani lisiloonekana kwa nje, pamoja na kuta zake za juu na mifereji ya zege, tuliliacha tukaezeka paa la kawaida kwa bati za aina ya msauzi, unene wa geji 28. Baraza ya nyuma tuliifuta, na ukuta wa uzio tukauahirisha. Lililoniuma zaidi ni baraza, kwa sababu ndiko nilikokuwa nimepanga mama yangu akae jioni akitazama bondeni.

Tulipaua mwezi Februari 2021. Masika ilipokwisha, mkadiriaji alikuja kukagua, akakuta sehemu moja inavuja karibu na kofia ya paa, yaani bati la kileleni. Fundi aliirekebisha siku mbili baadaye, nikamkabidhi asilimia 10 yake yote mbele ya mwenyekiti yule yule. Tulihamia Desemba, vyumba viwili vikiwa havina dari na sakafu ikiwa ya saruji tupu. Vigae tuliweka mwaka uliofuata, na aliyetutafutia fundi wa vigae ni yeye huyo fundi wetu.